Deni Lililo Baina Yetu



Ndugu wasomaji, kila mwezi wa Shaabani unapoelekea ukingoni, huanza kupokewa salamu za kuombana radhi: nisamehe nilipokukosea, kwa kujua na kwa kutojua. Ni desturi njema, nasi tumekuja nayo ugenini kutoka kwetu. Lakini aghalabu salamu hizo hupelekwa kwa mtu ambaye hapana ugomvi naye, na yule ambaye ugomvi upo kweli hurukwa. Mwezi huu napenda kueleza habari ya msamaha kama wanavyouelewa majirani zetu Wakristo, hasa Waamishi wa wilaya ya Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, ambako familia yangu imeishi miaka mingi.

Wengi wetu twawajua kwa macho tu: wanaume wenye ndevu na kofia, wanawake wenye ushungi na nguo ndefu, vigari vya farasi barabarani, na mboga safi wanazoziuza sokoni. Asili yao ni Wakristo wa Uswisi na nchi za jirani waliokataa kubatiza watoto wachanga, wakaanza kufuatwa na kuuawa tangu karne ya 16. Hata leo huwasimulia watoto wao kisa cha Dirk Willems, aliyetoroka gerezani huko Uholanzi mwaka 1569. Aliyemfukuza alitumbukia katika barafu, naye Dirk akarudi kumwokoa. Alikamatwa papo hapo, na baadaye akachomwa moto.

Tarehe 2 Oktoba 2006, tukiwa katika kumi la kwanza la Ramadhani, mtu mmoja asiye Mwamishi aliingia na bunduki katika skuli yao ya chumba kimoja huko Nickel Mines. Aliwapiga risasi wasichana kumi, watano wakafa, kisha akajiua. Jioni ileile baadhi ya Waamishi walikwenda kwa mjane wake na kwa wazazi wake kuwapa pole na kuwaambia kwamba hawana kinyongo nao. Siku ya mazishi ya muuaji, zaidi ya nusu ya waliosimama kaburini walikuwa Waamishi. Na michango ilipomiminika kutoka kila upande, sehemu yake ilitengwa kwa ajili ya mjane huyo na watoto wake.

Katika futari zetu za siku zile hapakuwa na mazungumzo mengine. Wako waliosema kuwa msamaha wa haraka namna ile hauwezi kuwa wa kweli. Mimi nilitaka kujua msingi wake.

Wakristo wana sala waliyofundishwa na Yesu, ambayo ndani yake wanamwomba Mungu awasamehe kama wao wanavyowasamehe wengine. Waamishi huichukua sharti hiyo kwa uzito mkubwa: asiyesamehe amejifungia mlango mwenyewe. Tena katika Injili ya Mathayo, mlango wa 18, Petro auliza kama kumsamehe ndugu mara saba kwatosha, naye ajibiwa kuwa ni saba mara sabini. Hapo chafuata kisa cha mtumwa aliyesamehewa na bwana wake talanta elfu kumi, kisha akamkaba koo mwenziwe kwa dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kiasi cha dinari elfu sita. Basi mtu amesamehewa ujira wa siku milioni 60, naye hawezi kusamehe wa siku 100! Wakristo hulifungamanisha jambo hili na imani yao juu ya msalaba. Hapo itikadi zetu hazikutani, wala sikusudii kuzichanganya.

Lililonigusa zaidi si tukio lile kubwa, bali utaratibu wao wa kila siku. Waamishi hushiriki Meza ya Bwana mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Kabla ya siku hiyo hufanya mkutano ambapo kila mmoja hutakiwa awe na amani na wenzake. Wakiwepo waliofarakana, ibada hiyo yaweza kuahirishwa mpaka wapatane. Na siku yenyewe ikifika huoshana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Kwa hiyo msiba wa 2006 uliwakuta watu ambao mazoezi yao yalikuwa ya miaka mingi, katika magomvi madogo ya mipaka ya mashamba na maneno ya jikoni.

Sitasema kwamba ni malaika. Jumuiya yao yenyewe ilizaliwa katika mfarakano wa mwaka 1693, ambao haukupata kuponywa. Wala hawakujifanya kuwa hawana uchungu. Wazazi waliofiwa walieleza kwamba msamaha huwabidi kuurudia siku baada ya siku.

Nami nina langu. Kuanzia mwaka 1999 nilipeleka fedha Tanga ili mama yetu ajengewe nyumba, na mpokeaji alikuwa ndugu yangu wa kuzaliwa naye. Nilipokwenda mwaka 2004 nilikuta msingi umeota nyasi. Nilipouliza, nilitukanwa, na tangu hapo simu zangu hazikupokewa. Kila nilipompigia mama, neno lake la mwisho lilikuwa moja: "Umeshazungumza na mwenzio?"

Siku ya Idd ya mwaka 2006 nilimpigia mama, nikamwomba ampe simu yule bwana. Nilimwambia kuwa fedha zile nimemwachia, sitamdai hapa wala Akhera, ila ujenzi utakaoendelea utapitia mkononi mwa mtu mwingine, kwa risiti. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza hali za watoto mmoja mmoja kwa majina.

Mama alifariki mwaka 2008, bati halijapigwa. Nilikuwa nimefika kumwuguza, na mimi na ndugu yangu ndio tulioingia kaburini kumpokea. Nyumba haikumuwahi, upatanisho ulimuwahi.

Wala si kwamba kwetu hakuna mafundisho haya. Sayyidna Abubakar (r.a.) aliapa kutompa tena matumizi jamaa yake Mistah, aliyeshiriki kumsingizia Bibi Aisha (r.a.). Ikashuka aya ya 22 ya Suratin-Nur, ikiwauliza waumini kama hawapendi wasamehewe na Mwenyezi Mungu. Naye Abubakar akarudisha matumizi. Tena Mtume (s.a.w.) ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na ametufunza kuwa aliye bora kati ya wawili hao ni yule anayeanza salamu.

Pamoja na hayo, tusichanganye mambo. Kusamehe si kumkabidhi tena mtu mkoba alioutoboa. Na mke anayepigwa asiambiwe "samehe, rudi nyumbani" kana kwamba usalama wake si haki. Baadhi ya Waamishi wenyewe wamelaumiwa kwa kuwahimiza walioumizwa wasamehe upesi na mambo yazikwe. Vilevile methali yetu ya yaliyopita si ndwele isiwe blanketi la kufunikia haki za watu, kwani haki ya mja huombwa kwa mja mwenyewe.

Basi, ndugu zangu, kabla ya mwandamo wa Ramadhani ijayo, ile salamu ya kuombana radhi na tuianze kwa jina moja, lile lililo gumu kulitamka. Simu ni rahisi siku hizi kuliko zama za kadi, na wazee wetu kule nyumbani wanaulizia.

Wabillahi tawfiq.