Kalamu Moja, Kazi Nyingi

Wahenga wetu wametuachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja husema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyingine huonya kuwa mshika mawili, moja humponyoka. Mimi, niliyefundisha Kiswahili hapa Uganda kwa zaidi ya miaka ishirini, nimepata kuzionja zote mbili. Leo napenda kuwasimulia walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wanaotamani kuishi kwa kalamu, jinsi zilivyonifunza.

Nilipopata stashahada yangu ya ualimu sikuwa na nia ya kuwa mwandishi. Nilitunga mashairi machache, nikayafungia sandukuni. Lakini mwezi Machi 2020, shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Shule yangu ilikuwa ya mtu binafsi: karo zilipokoma, mshahara nao ukakoma. Mwezi wa tatu mke wangu aliuza cherehani yake ili tupate chakula. Siku ile niliona haya kubwa. Nikafungua sanduku, nikaanza kumtafuta mtu ambaye angenunua maneno yangu.

Mashairi hayakupata mnunuzi. Aliyenilipa kwanza ni mfanyabiashara wa mahindi, aliyetaka barua za Kiswahili safi kwa wateja wake wa Kenya. Baadaye nikatunga masomo ya redio, nikasahihisha miswada ya vitabu vya mazoezi, nikatafsiri matangazo ya afya, nikaandika hadithi fupi za watoto. Kila kazi ilikuwa na adabu yake. Barua ya biashara haitaki madoido. Bei, kiasi na siku ya kupeleka mzigo vikieleweka, yatosha. Redioni, sentensi ikirefuka, msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Naye mtoto hulitupa neno asilolihitaji. Ajabu ni kwamba kazi hizi zililishana: sikio nililolinoa kwa mizani ya mashairi ndilo lililonisaidia kupima pumzi ya msomaji wa redio.

Wala jambo hili si geni katika fasihi yetu. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alifanya kazi ya afya ya umma kabla ya kuingia katika magazeti, na hata gazeti la wakulima alilitumikia. Mtu huyo huyo ndiye aliyetupa Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Hakungoja hadithi zimlishe ndipo aziandike.

Basi nikajiona nimefuzu. Nikawa sikatai kazi yoyote, na hapo ndipo methali ya pili iliponipata.

Usiku mmoja, nikiwa na kazi nne mkononi, nilitafsiri tangazo la zahanati moja. Asili yake ya Kiingereza ilisema kuwa chanjo ya watoto ingeanza saa mbili asubuhi, kwa tarakimu 8 kama Waingereza wahesabuvyo. Nami, kwa usingizi na haraka, nikaiacha tarakimu ile kama ilivyo: “Chanjo itaanza saa 8.” Jambo ambalo nimelifundisha kidato cha kwanza kila mwaka, kwamba saa zetu huhesabiwa tangu macheo na machweo, lilinipita mimi mwenyewe. Tangazo likabandikwa. Akina mama wakaja saa nane mchana, na wauguzi walikwisha kufunga saa saba. Muuguzi aliyenipasha habari aliniambia kuwa mmoja wao alikuwa ametembea mwendo wa saa tatu, mtoto mgongoni.

Niliandika tangazo jipya, nikalilipia mwenyewe, nikaenda kulibandika na kuomba radhi. Juma lililofuata chanjo ilitolewa tena. Nilisimama pale tangu asubuhi, nikauliza kama mama yule amerudi. Hakurudi, na hakuna aliyejua kijiji chake.

Tangu siku hiyo nina masharti machache. Sipokei kazi nisiyo na nafasi ya kuisoma mara mbili, mara ya pili mchana. Mapatano ya malipo huandikwa kabla sijaanza. Huomba kuonyeshwa nakala ya mwisho kabla haijachapwa, na panapo saa, tarehe au kipimo, humpa mtu mwingine anisomee kwa sauti. Jumamosi ni siku ya mashairi yangu, hata kama hayana mnunuzi. Kwa masharti hayo nimepoteza wateja wawili watatu; waliobaki wananitosha.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi. Matangazo, mikataba na vitabu vitahitaji watu wa kuviandika, na wengi wao watatoka katika madarasa yetu. Tuwahimize vijana wajifunze kazi nyingi za kalamu, maana moja haitoshi kulisha nyumba. Lakini tuwaambie pia kwamba upande wa pili wa kila karatasi yupo mtu atakayeamini kilichoandikwa, akafunga safari.

Cherehani nyingine tumekwisha kununua. Yule mama bado namwuliza kila nipitapo zahanati ile.