Usiifunge video ya mpendwa wako kwa giza

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize. Video ya mwisho uliyotazama katika simu yako iliishia wapi? Siulizi ilihusu nini wala ilikuwa na nani. Nauliza picha ya mwisho kabisa iliyobaki kiooni ilikuwa ipi. Sina shaka umekwama. Hata mimi nisingeweza kukujibu mpaka mwezi wa Mei mwaka wa 2020, tulipomzika mama yetu nje kidogo ya mji wa Wote.

Mwaka huo unaukumbuka. Kafyu ilianza Machi 27, na kuanzia Aprili 6 hakuna aliyeruhusiwa kutoka Nairobi wala kuingia. Mazishi yakawa ya watu 15 tu, jamaa wa karibu, barakoa usoni. Kaka yangu mkubwa alikuwa Umoja, Nairobi, mwendo wa saa chache kwa matatu, lakini ungedhani yuko ng'ambo ya bahari. Dada yetu, kitindamimba, alikuwa ng'ambo kwelikweli, huko Doha, akifanya kazi katika nyumba ya watu. Kati yetu watoto watatu, aliyekuwepo kumtupia mama udongo ni mimi peke yangu.

Basi nikamwomba mpwa wangu ashike simu na kunasa kila kitu, tangu jeneza lilipotolewa ndani hadi maua yalipowekwa. Kijana mmoja mjini Wote, ambaye siku za heri huhariri video za arusi, akaziunganisha. Akatia nyimbo za kwaya, akaandika majina, na mwishoni, baada ya chepeo la mwisho la udongo, akaifanya picha ififie polepole hadi giza totoro. Nikamlipa, nikamshukuru, tukaipandisha kwenye mtandao mmoja wa video ili jamaa walio mbali waitazame.

Jioni hiyo kaka akanipigia. Nilitarajia kilio, nikakuta hasira.

"Udongo umekwisha, giza likaingia, na kabla sijapangusa macho mchekeshaji fulani akaanza kupiga kelele sebuleni. Watoto wakacheka. Wanangu wamecheka katika mazishi ya mama!"

Ningemjibu nini? Nilirudi kwa yule kijana, tukaketi mbele ya tarakilishi yake, akanieleza mambo ambayo sikuwa nimewahi kuyafikiria.

Video, msomaji, ni picha tuli zinazofuatana upesi, 25 au 30 kila sekunde, hata jicho likadanganyika kuwa mtu anatembea. Katika kurasa nyingi za intaneti video ikifika mwisho husimama kwenye picha ile ya mwisho na kubaki hapo. Ukiifunga kwa giza, kinachobaki ni giza. Na katika mitandao mikubwa ya video hata giza lenyewe halidumu, kwani video ikikoma tu mtambo humwaga mbele yako nyingine ambazo unadhani utazipenda, na usipozima kile kitufe cha kuendelea, moja huanza bila kukuuliza. Mtambo haujui msiba. Wafanyabiashara wanazijua sana sekunde hizo za mwisho. YouTube, kwa mfano, humruhusu mwenye video kuweka mabango yake katika sekunde 5 hadi 20 za kumalizia. Sisi tulioomboleza ndio tuliokuwa hatujui.

Wenzangu wa umri wangu watakumbuka kaseti za arusi za miaka ya tisini. Zote ziliishia kwa maarusi ndani ya duara la waridi, na neno MWISHO chini yao. Tulizicheka. Na ukijaribu kuisimamisha picha ilitetemeka na kuchorwa mistari, kisha baada ya dakika chache mashine ilijifungua yenyewe ili isiikwaruze kaseti mahali pamoja. Lakini aliyebuni lile duara alikuwa na akili: alijua mtu hataki kutolewa arusini kwa kusukumwa mlangoni. Watengenezaji wa sinema walilijua hilo pia. Mwaka wa 1959 Mfaransa François Truffaut alimaliza filamu yake Les Quatre Cents Coups kwa mvulana mtoro anayekimbia hadi baharini, akageuka kututazama, na picha ikaganda papo hapo. Hata hivyo katika jumba la sinema taa huwashwa na watu wakainuka pamoja. Kwenye simu hakuna wa kukuwashia taa.

Tukaamua video ya mama ifungwe kwa picha iliyoganda. Sasa picha ipi? Dada alitaka uso wa mama jenezani, kwa kuwa yeye hakuuona. Shangazi akakataa katakata: "Mama yenu hakuishi ndani ya sanduku." Nikajaribu kukata picha moja kutoka kwenye video yenyewe, ikatoka na ukungu, maana kitu kinachosogea huacha ukungu katika kila picha, na picha moja ya video ya kawaida ina nukta milioni 2 hivi, ilhali ile unayopiga kwa simu hiyo hiyo yaweza kuwa na milioni 12. Ndipo nikakumbuka picha niliyompiga mwaka wa 2017. Ameketi mlangoni kwenye kigoda, kiondo ambacho hakijakamilika kipo mapajani, nyuzi za katani zimening'inia pande zote, naye hanitazami mimi bali kuku wake uani.

Yule kijana akaiweka kwa sekunde 20. Akaiweka pia namba yake ya simu, kwa herufi za manjano, kidevuni pa mama. Nikamwambia aitoe. Akaniuliza, kwa upole kabisa, watu watamjuaje. Naam, biashara ni biashara, lakini aliitoa.

Saa nne usiku simu ikalia kutoka Doha.

"Mtandao umekwama," dada akasema. "Umekwama hapo mama akiwa mlangoni. Nimezima simu, nimeiwasha, nimenunua bando jingine. Bado haendelei."

Nikamweleza kwamba haikukwama, ndivyo tulivyoimaliza. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani sasa umekwama kweli.

"Mimi nilikuwa nangoja ainue mkono aendelee kusuka," akasema.

Hilo halikutupitia akilini hata kidogo. Kwetu sisi tunaohesabu bando, picha iliyosimama haimaanishi mwisho, inamaanisha ngoja. Nami nilimfanya dada yangu amngoje mama, peke yake, katika chumba cha watu wengine.

Kesho yake saa kumi na moja jioni nilikaa mlangoni pale pale na simu, nikarekodi sauti tu: kuku, upepo kwenye mwembe, punda wa maji akipita barabarani na madebe yake. Tukaitoa kwaya mwishoni na kuziweka sauti hizo chini ya picha. Anayetazama sasa anajua kwamba hakuna kilichokwama, maana ua linasikika likiendelea na shughuli zake. Tukairefusha hadi dakika nzima, na haikuongeza gharama kubwa ya bando, kwa sababu video huhifadhi zaidi kile kinachobadilika kati ya picha na picha, na mama habadiliki. Jina na miaka yake tuliviandika chini, mbali na uso. Wakati video ilipokuwa ikimwaga mapendekezo yake, kila mtu alikuwa ameshaweka simu chini.

Barabara za Nairobi zilifunguliwa Julai 7. Kaka alifika wiki hiyo hiyo. Alitoka kaburini akaja kusimama mlangoni, akatazama upande ule mama alikokuwa akitazama, kisha akaniuliza kuku wako wapi. Nikamwambia wengine tuliwachinja siku ya mazishi, na waliobaki tumewauza. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akakitaka kiondo. Nikamwambia hicho ni cha dada.

Kilikaa kwenye msumari hadi mwaka wa 2022, dada aliporudi, akakichukua. Hajakimalizia.