Kadi ya Mwaka 2006

Jumamosi, 15 Februari 2025

Mvua tangu alfajiri, na foleni ya malori hapa Tunduma imerudi nyuma mpaka Mpemba. Nilikuwa na gari mbili za shaba zinasubiri kugongewa mihuri, mtandao ukakata, basi tukajibanza kwenye banda la mama ntilie.

Redioni wakatangaza kuwa leo ni siku ya kimataifa ya saratani za watoto. Daktari aliyehojiwa alieleza vizuri: homa zisizoisha, uvimbe wa tumbo, jicho lenye weupe ndani, mzazi asingoje. Halafu wakapiga muziki. Nilitega sikio nikidhani ataulizwa pia kuhusu wale waliotibiwa wakapona: wako wapi leo, wanaendeleaje? Hakuulizwa. Mmoja wao alikuwa anakunywa chai ya rangi pale pale chini ya redio, taya la kushoto limebonyea kidogo, mkononi ana bahasha za mizigo ya watu.

Alhamisi, 20 Februari

Shangazi kaja kutoka Vwawa na kifurushi cha mizizi. Hakunipa mimi, kampa mke wangu: achemshe, anywe kabla ya kula. Tulioana 2022. Kwa hesabu ya Shangazi tumechelewa, na anayechelewesha anajulikana. Mke wangu akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Shangazi," akakiweka juu ya kabati. Usiku taa ikiwa imezimwa akaniambia, "Mimi nimeshapima, sina tatizo. Bado wewe."

Jumatatu, 24 Februari

Nimekwenda kwa yule tabibu mzee wa karibu na stendi. Kabla sijamaliza maelezo akanyoosha kidole kwenye taya.

"Hapa palifanyaje?"

Nikamweleza: nilikuwa na miaka minane, nikalazwa Ocean Road, Dar.

"Walikupa nini?"

"Dripu."

"Dripu ya nini?"

Sijui. Akaweka kalamu chini. Akasema dawa za saratani si moja. Ipo inayoweza kuharibu mbegu za kiume hata kwa mtoto ambaye hajabalehe. Ipo inayodhoofisha moyo, na udhaifu wenyewe unaweza kujitokeza miaka kumi au ishirini baadaye, mtu akiwa amebeba gunia au, kama ni mwanamke, ana mimba. Nyingine hupiga masikio, nyingine figo. Mionzi nayo ina yake: tezi ya shingo, ukuaji wa mifupa, hata saratani nyingine ukubwani. Hawezi kusema nikapime nini mpaka ajue niliwekewa nini na kiasi gani.

Mimi ninayelipwa kuhakikisha hakuna lori linalovuka Nakonde bila karatasi inayotaja mzigo wake! Miaka 19 natembea sina hata moja inayotaja wangu.

Jumapili, 2 Machi. Kamsamba

Unatoka Tunduma na sweta, ukiteremka bonde la Rukwa unalifunga kiunoni. Mama alikuwa kwenye mpunga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Kila nikija nimekonda.

Nikamuuliza habari za dawa. Majina hana, ana rangi. "Ya manjano walikuchoma mgongoni, umejikunja, nesi kakushika kichwa. Ile nyeupe kama maji ndiyo iliyokuwa inakutapisha mpaka nyongo." Na nyekundu? Tabibu aliniagiza niulize hiyo hasa, kwa sababu ndiyo ya moyo. Mama hakufikiri hata kidogo. "Nyekundu alikuwa anapewa mtoto wa yule mama wa Kigoma, kitanda cha pili. Akikojoa, mkojo mwekundu, tukalia tukijua ni damu. Wewe hukupewa."

Nimesikia kisa hiki mara nyingi lakini leo nilikisikiliza kama mtu anayeandikisha maelezo. Kilianza kama jino. Wakaning'oa magego mawili, taya likazidi kuvimba, baada ya wiki chache likawa linasukuma jicho. Mama akauza mbuzi. Lori la mpunga mpaka Mlowo, basi mpaka Mbeya, basi tena mpaka Dar, kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. "Dripu ya kwanza Jumatano. Jumamosi mdomo wako ulianza kufunga. Nikawaita wenzangu waje waone."

Kisha akaingia ndani akatoka na bati la biskuti. Hati ya shamba, kadi za kliniki za sote, risiti za pembejeo, na katikati ya mfuko wa nailoni, kadi ya kartoni iliyokunjwa mara nne. Wino wa bluu umefifia ukawa kijivu. Safu ya tarehe za 2006, chini yake vifupisho vya herufi tatu tatu na namba, na alama sita za vema. Kona moja imeliwa na mchwa, wamekula uzito wangu na kuacha dozi.

Nikamuuliza kwa nini aliitunza muda wote huo. "Nisije nikaambiwa sikulipa."

Jumatano, 5 Machi

Usingizi hauji, nasoma kwenye simu.

Ugonjwa wangu una jina la mtu: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto mwenye taya zilizovimba, 1958 akaandika habari zake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakashuka mpaka Afrika Kusini, maili 10,000 kwenda na kurudi, hospitali baada ya hospitali, wakionyesha picha na kuuliza: mnawaona watoto wa namna hii? Jibu likafuata ramani ya joto na mvua. Mabondeni wapo, nyanda za juu hawapo. Tunduma ni nyanda za juu. Kamsamba ni bondeni, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Chanzo ni malaria ya mara kwa mara pamoja na kirusi alichokigundua mtafiti Epstein na wenzake mwaka 1964, kwenye vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Uganda. Kirusi chenyewe karibu kila mtu anacho. Mimi nilikuwa nimeambiwa chanzo ni mwana wa jirani aliyekufa vibaya.

Miaka hiyo hiyo ya 60 watoto wa Kampala walipewa cyclophosphamide, ile nyeupe kama maji ya Mama, na wapo waliopona kwa dozi chache tu. Waliobaki hai leo ni wazee wa miaka sitini na zaidi. Ningependa kukaa na mmoja wao hata saa moja.

Wamarekani tangu 1994 wanawafuatilia zaidi ya watu 30,000 waliotibiwa saratani utotoni kuanzia 1970. Wanawaandikia, wanawauliza moyo, figo, uzazi, kazi, ndoa. Hospitali ya St. Jude kule Memphis iliwaita wa kwake ikawapima wenyewe, ikakadiria mwaka 2013 kwamba wakifika miaka 45, watu 95 kati ya 100 watakuwa na angalau tatizo moja la kudumu. Namba ya kutisha, ila siendi kulala nayo: wengi wao walipigwa mionzi na kupewa dawa ambazo sikupewa. Ninachokionea wivu ni ule ufuatiliaji. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo tangu 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wenye saratani wapone, popote walipozaliwa. Amina. Hao 60 wataota ndevu, wataoa, shangazi zao watawaletea mizizi.

Jumanne, 18 Machi

Binti wa muuza chapati wa maegesho ya malori. Ana miaka tisa, mjanja, anahesabu kwacha na shilingi kunishinda. Leo alinyoosha mikono kushusha ndoo, blauzi ikapanda, nikaona kovu limekata tumbo upande hadi upande. Mama yake akaniona nikitazama. Nikamwonyesha taya. Tukaelewana bila maneno mengi.

Uvimbe wa figo. Alitibiwa Muhimbili, watoto wa saratani walikohamishiwa kutoka Ocean Road mwaka 2011. Watu wa shirika la Tumaini la Maisha walimhudumia bure, dawa na malazi. Figo moja ilitolewa. Huyu mama, tofauti na Mama yangu, ana daftari la kaunta: amebandika kila karatasi kwa gundi ya shule, picha za ultrasaundi, majibu ya damu, na ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa "ANA FIGO MOJA". Humo nikaona na ile nyekundu, doxorubicin.

Nikamuuliza mara ya mwisho kupimwa lini. Kimya. Matibabu ni bure lakini basi si bure, na banda likifungwa wiki nzima mwingine anachukua wateja. Isitoshe mtoto anacheza, anakula. Ukimwambia jirani unampeleka hospitali anadhani unatafuta safari ya Dar.

Nikamwambia niliyoyapata kwa tabibu. Presha ipimwe kila mwaka, hata hapa hapa, na mkojo uangaliwe kama una protini. Asipewe diklofenaki wala ibuprofeni kwa kila maumivu, zinaionea hiyo figo iliyobaki. Kipimo cha moyo cha picha, eko, akafanyiwe Mbeya, asingoje nauli ya Dar. Akachukua kalamu ya hesabu za mikopo akaandika yote nyuma ya daftari. Diklofenaki aliipigia mstari mara mbili. Ndiyo anayonunua duka la dawa, kwa sababu ya mgongo wake yeye, na binti huonjeshwa kidonge akiumwa kichwa.

Alhamisi, 10 Aprili. Mbeya

Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Daktari ni kijana, labda rika langu. Aliifungua ile kadi taratibu kwa ncha za vidole, akaipiga picha kwanza, ndipo akaanza kusoma. "Hii umeitoa wapi?" Nikamwambia kwa Mama. "Mwambie Mama ametusaidia sana."

Cyclophosphamide miligramu 1,200 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara sita: 7,200. Akaizungushia duara. Chini ya 4,000 mara nyingi mbegu hazisumbuki. Kadiri unavyopanda juu ya hapo ndivyo wengi wanavyopungukiwa, na wengine hukosa kabisa. Niko katikati, karatasi haiwezi kusema, maabara itasema. Vincristine: akanigonga magoti kwa kinyundo, akaniuliza kama vidole hufa ganzi. Methotrexate ya mgongoni: akauliza shule ilikuwaje. Nikasema hesabu safi, ila kusoma kitabu kirefu ni vita. Akaandika. Nyekundu hakuna, moyo tuupumzishe. Mkojo kila mwaka kuangalia damu, kwa sababu dawa ile ile hupitia kwenye kibofu. Presha. Meno. Na sigara, marufuku.

Kisha nikapewa kikombe cha plastiki chenye mfuniko mwekundu na kuonyeshwa mlango. Nje ya mlango huo kuna benchi la wamama wanaosubiri vipimo vya malaria. Sitaandika zaidi.

Alhamisi, 17 Aprili

Majibu: milioni 4 kwa kila mililita. Kiwango cha chini cha kawaida ni milioni 16. Nilijiandaa kwa sifuri, kwa hiyo milioni nne nilizipokea kama mshahara. Daktari alinituliza pande zote mbili: si rahisi, si muhali. Kipimo kimoja hakitoshi, nirudie baada ya miezi mitatu, twende wote wawili. Ikishindikana kuna njia za maabara Dar, ambazo bei yake nimeisikia nikaomba arudie.

Swali lililokuwa limenikaa kooni nililiuliza la mwisho: mtoto akipatikana, atarithi? Hapana. Saratani za kurithi zipo, kama ile ya jicho, ambayo mzazi mwenye kasoro hiyo ya kuzaliwa ana nusu kwa nusu ya kumpa mwanawe. Yangu si ya aina hiyo, na dawa nilizopewa hazimfuati mtoto.

Aliandika kila kitu kwenye karatasi moja: ugonjwa, mwaka, dawa, jumla ya dozi, vya kupima na lini. Nimetoa nakala tatu stendi Mbeya. Moja ya Mama, awekee mchwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, ofisi zimefungwa, malori yanapita kidogo kidogo. Mke wangu amebandika karatasi yake ndani ya mlango wa kabati na kuchora duara kwenye kalenda, Julai. Muuza chapati naye amepangiwa siku ya eko Mbeya, ataacha banda kwa mdogo wake.

Tumebishana asubuhi nzima kama Shangazi aambiwe. Mke wangu anataka aambiwe leo, na mizizi yake irudishwe na mkono wake mwenyewe. Mimi nataka tungoje kipimo cha pili. Nikampigia Mama atuamue.

"Kuamua nini?" akasema. "Nilimwambia tangu Jumatatu. Nimemwambia ile mizizi anywe yeye."