Ugonjwa Ambao Baba Aliuonea Haya

Kijijini kwetu Guta, kando ya Ghuba ya Speke, mwanamume hupimwa kwa namna anavyoustahimili usiku wa ziwani. Baba yangu aliustahimili kwa karibu miaka arobaini. Alitoka jioni na wenzake, wakawasha karabai kuwavuta dagaa, akarejea alfajiri nguo zikiwa zimelowa na uso umekunjuka.

Wenzake wa mtumbwini ndio waliotambua kwanza, hata kabla ya mama. Waliona ya kuwa mzee huinuka mara kwa mara kwenda ubavuni mwa mtumbwi, husimama kitambo kirefu, kisha huketi bila ya kupata nafuu. Wakamtania kwamba anataka kulijaza ziwa, naye akacheka pamoja nao. Huo ulikuwa mwaka 2014. Alipokubali kumwona daktari wa haja hiyo, ulikuwa mwaka 2016.

Katika miaka hiyo miwili alijitibu kwa dhana. Kwanza alidhani ni kichocho, maradhi yasiyo mageni kwetu, akanunua vidonge dukani. Mgongo ulipoanza kumuuma alisema ni uzito wa nyavu. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa za maumivu mwezi baada ya mwezi. Hakuna aliyemuuliza habari za mkojo, naye hakuzisema. Mlango ule ulikuwa umefungwa kutoka pande zote mbili.

Nilipompeleka Mwanza, daktari alimuuliza, "Mzee, unaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo?"

"Mimi ni mvuvi, Daktari," akajibu. "Usiku silali."

Tulicheka sote watatu. Kisha daktari akarudia swali lake kwa upole, na safari hii baba akatazama chini, akajibu kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake tangu nizaliwe.

Ndugu msomaji, tezi dume ni kiungo kidogo, kisichozidi ukubwa wa ndimu, kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Umri unapopanda, tezi hiyo hukua kwa wanaume wengi na kuubana mrija. Hilo peke yake si saratani. Tena saratani changa ya tezi hii aghalabu haina dalili hata moja. Kwa hiyo, kule kuinuka mtumbwini pengine hakukuwa saratani yenyewe. Lakini kungemfikisha baba kwenye kipimo wakati ambapo kipimo kingemfaa zaidi.

Kipimo chenyewe ni cha damu, kiitwacho PSA. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1986 kwa kuwafuatilia wagonjwa, na mwaka 1994 kwa kusaidia kuugundua ugonjwa. Hakitoi hukumu ya mwisho, kwani kiwango hupanda pia kwa ukuaji wa kawaida wa tezi au kwa maambukizo. Daktari huongeza uchunguzi wa kidole, picha, na hatimaye vipande vidogo vya tezi hutazamwa kwa hadubini. Kwa baba, vyote vilisema jambo moja: saratani ilikuwa imekwisha kufika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo familia nyingi hukutana nalo bila ya kujiandaa. Saratani hii hustawi kwa homoni ya kiume, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na korodani. Baba alikuwa na njia mbili: sindano za kuizuia homoni, ambazo zingerudiwa na kulipiwa kwa maisha yake yote, au upasuaji mmoja wa kuziondoa korodani. Kwa mfuko wa mvuvi, hesabu ilikuwa wazi. Kwa moyo wa mwanamume, haikuwa wazi hata kidogo. Kwa siku nne baba hakutaka kula wala kuzungumza.

Aliyekata shauri ni mama. Aliketi kando yake mbele yetu, jambo ambalo si desturi ya wazee wetu, akasema: "Baba watoto, mimi sikuolewa na kipande cha mwili. Nakutaka wewe nyumbani." Kesho yake baba alitia sahihi.

Baadaye nilisoma ya kuwa njia hiyo ilithibitishwa mwaka 1941 na Charles Huggins, daktari mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Chicago, na kwamba ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Uvumbuzi wa zamani kiasi hicho ulimpunguzia mzee wa Guta maumivu ya mgongo katika majuma machache. Alirudi pwani ya ziwa, si kuvua tena bali kushona nyavu na kuwagombeza vijana. Hata hivyo, saratani iliyosambaa hujifunza kuishi bila ya homoni ile. Baba alifariki dunia mwaka 2020.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia utafiti wa ugonjwa huu, na ninachokisoma hunipa faraja na uchungu kwa pamoja. Mwaka 2017 tafiti mbili kubwa zilionyesha kwamba dawa ya abirateroni, ikiongezwa mapema kwenye tiba ya homoni, hurefusha maisha ya wagonjwa wa aina ya baba. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wanaume 1,643 ambao saratani yao iligunduliwa ikiwa bado ndani ya tezi. Wengine walipasuliwa, wengine walipigwa mionzi, wengine walifuatiliwa tu kwa vipimo. Baada ya miaka kama 15, waliouawa na saratani hiyo walikuwa 45 tu katika makundi yote matatu. Yafaa kukumbuka kwamba karibu wote walikuwa Wazungu, ilhali wanaume wenye asili ya Afrika huupata ugonjwa huu zaidi na aghalabu mapema zaidi.

Mwaka 2024 ukaja utafiti mwingine, wa wagonjwa 874, ulioonyesha ya kuwa kwa saratani isiyosambaa, mionzi ya kulengwa kwa makini katika vikao 5 huzuia ugonjwa sawasawa na vikao 20 au zaidi, ingawa usumbufu wa mkojo waweza kuzidi kidogo. Mitambo yake yahitaji usahihi mkubwa. Lakini mtu wa Guta aliyeelekezwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, yu mbali na nyumbani kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kwake yeye, tofauti ya juma moja na majuma manne au zaidi ni tofauti ya kutibiwa na kukata tamaa.

Faida hizo nyingi humfikia aliyewahi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nami sasa nina umri wa miaka 36. Mtoto wa kiume ambaye baba yake aliugua saratani hii yuko katika hatari ya mara mbili au zaidi ya mwingine. Daktari ameniagiza nisingoje miaka 50, bali nianze kuzungumza naye habari ya kipimo nikifika 40. Nimewaandikia kaka zangu wawili, ambao wamekwisha kuupita umri huo, na nimewaeleza yote bila ya kupamba.

Siku ya matanga ya baba, wazee watatu waliovua naye waliniita kando, nyuma ya banda la nyavu. Walitazamana kwanza. Kisha mmoja wao, yule aliyemtania zaidi, akaniuliza kwa kunong'ona, "Mwanangu, dalili za mzee zilianzaje?"

Nikawaeleza. Wawili kati yao walikwenda kupimwa kabla ya mwezi kwisha. Wa tatu ningali namsihi. Nawe, msomaji, kama nyumbani kwako yuko mzee anayeamka mara kwa mara usiku, usingoje aseme. Muulize.