Diski Imejaa? Usifute Kwanza

Leo tuongee juu ya onyo ambalo kila anayetunza mashine ya Linux hukutana nalo: diski imejaa.

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye duka la dawa hapa Kakamega alinipigia simu. Mfumo wake wa mauzo ulikataa kuandika risiti, na kijana wa kaunta alikuwa tayari kufuta rekodi za mwaka jana ili apate nafasi. "Mama, mwambie asiguse kitu, nakuja," nikamjibu. Madeni ya wateja wake yote yalikuwa ndani ya rekodi hizo.

Nilipofika nikaandika:

df -h

Asilimia 61 tu ndiyo iliyotumika! Nikaandika tena:

df -i

Hapo ikasoma asilimia 100.

Maana yake nini? Fikiria ghala. Kila mzigo unaoingia, uwe gunia la mahindi au kikopo cha njugu, karani huuandika kwenye mstari wake daftarini. Mistari ikiisha, hapokei kitu tena hata kama sakafu iko wazi. Mstari huo ndio inodi. Kwa kawaida ext4 hutenga inodi moja kwa kila KB 16 za diski, na hesabu hiyo hupangwa siku mfumo wa faili unapoundwa. Pale dukani diski ilikuwa ya GB 20, na programu ilikuwa imerundika vijifaili vya muda zaidi ya milioni moja, havijafagiliwa kamwe. Tukafuta vya zamani, risiti zikatoka. Madeni yakabaki salama.

Kuna kisa cha pili: df yasema imejaa, lakini du haioni kilichoijaza. Mara nyingi ni faili iliyofutwa huku programu bado inaishikilia. Jina limeondoka, nafasi haijaachiliwa. Itafute hivi, kisha anzisha upya programu hiyo:

lsof +L1

Tatu, ext4 humwekea root akiba ya asilimia 5. Kwenye diski ya GB 1000 hizo ni GB 50 ambazo mtumiaji wa kawaida hazigusi. Kama diski ni ya data tu, akiba hiyo hupunguzwa kwa tune2fs -m 1 ikifuatwa na jina la diski.

Onyo ni lile lile, magonjwa ni matatu. Pima kwanza, kufuta baadaye.

Haya, kwa leo tuishie hapo.