Kimbunga cha Haji Gora kilipofika Dumila

Mzazi mwenye mtoto wa HKL huenda anakijua kitabu cha Kimbunga, diwani ya Haji Gora Haji iliyochapwa na TUKI mwaka 1994. Binti yangu alipokuwa kidato cha tano alikuja nacho likizo akilalamika kuwa kina maneno mengi ya baharini, na sisi hapa Dumila tuna mto tu.

Nikamweleza mtunzi alikuwa nani. Mzee Haji Gora alizaliwa mwaka 1933 kisiwani Tumbatu, Zanzibar, na shule yake ilikuwa chuo cha Kurani. Alivua samaki, akasafiri na majahazi, akabeba mizigo bandarini, huku akitunga mashairi na nyimbo za taarabu. Alikusanya hata maneno ya Kitumbatu yakawa kamusi. Kwake upepo na mawimbi havikuwa mapambo ya shairi. Baharia akilisoma wingu vibaya, nyumbani wanakaa matanga.

Shairi lililokipa kitabu jina linasimulia kimbunga kilichoupiga mji wa Siyu. Ajabu yake, vikubwa vinaangamia na vidogo vinapona: majahazi yanazama, ngarawa zinaokoka. Walimu hufundisha kuwa ni fumbo la wenye nguvu na wanyonge, na kwenye mtihani afadhali aandike hivyo hivyo.

Binti alinyamaza, kisha akasema, "Mama, kama banda la kuku."

Januari 2014, Mto Mkundi ulipofurika, alikuwa darasa la tatu. Daraja liliharibika, barabara kuu ya Morogoro–Dodoma ikakatika, na watu wengi wakaishia kwenye mahema. Kwetu ukuta wa chumba cha watoto ulianguka wote. Banda la kuku la fito, ambalo baba yao alilicheka kila siku, lilibaki limesimama, limejaa tope na majani.

Miaka yote ile hakuwahi kuuzungumzia usiku huo. Mvua ikianza tu, alibeba shuka lake na kuja kulala chumbani kwetu bila kusema neno, hata alipokuwa sekondari. Siku hiyo, kitabu kikiwa mapajani, alizungumza mpaka chai ikapoa. Aliona sufuria yetu kubwa ikielea kuelekea barabarani. Alisikia mbuzi wa jirani akilia, halafu akanyamaza. Akaniuliza kama nami nilimsikia. Nilimsikia.

Mzee Haji Gora alifariki Juni 2021. Hakupata kujua kwamba kuna nyumba kando ya Mkundi, mbali kabisa na bahari, ilimhitaji.

Binti sasa anatunga shairi lake kuhusu mto. Ubeti wa kwanza ameshanisomea. Mstari wa pili una mizani tisa badala ya nane, na hataki kuambiwa.