Kodi ya C

Hapa Njisi, jirani na forodha ya Kasumulu, ukitamka "kodi" watu hushika mifuko. Vijana wangu wa gitaa walicheka nilipochora kodi ya C ubaoni. Mistari sita ya wima ndiyo nyuzi, nikawaeleza, wa kushoto ukiwa uzi mnene. Ya mlalo ni vyuma vya shingoni. Nukta ni mahali pa kidole. Penye X, uzi usipigwe. Waliozoea do, re, mi za kwaya walitaabika, maana zile huandika sauti, na mchoro huu huonyesha vidole tu.

Mmoja alikuwa na shoto. Akageuza gitaa, mchoro ukamkataa. Nami, niliyefundisha hata walimu, nikamwamuru ashike kama wenzake. Hakurudi.

Baadaye, usiku mmoja, niliinua karatasi ile mbele ya taa nikaitazama kwa nyuma. Uzi mnene ulikuwa umehamia kulia, na kodi ni ile ile. Kumbe ilitosha kumfungia nyuzi upya na kumgeuzia karatasi. Kazi ya nusu saa!

Mama yake hukutana nami sokoni. Huniamkia kwa heshima, nami humwuliza habari za kijana. Habari za gitaa sijamwuliza.